Dume la chotara zizini Tinde: unalipia mwili au mbegu?

Shemeji yangu huchimba dhahabu Katoro, lakini roho yake iko Tinde. Kila duara likitema, sehemu ya pesa hupanda basi la kupitia Kahama, ikashuka hapa njia panda na kugeuka ng'ombe. Wako wengi wa namna yake katika ukanda wote wa Geita: mchana wako shimoni, usiku wanahesabu mitamba waliowaacha nyumbani.

Kiangazi kimoja alinipigia simu alfajiri. "Mwangaluka, shemeji. Njoo uone dume."

Nikaenda. Alikuwa amefungwa chini ya mgunga, mwekundu, uso mweupe, shingo nene, mgongo mpana wa kuanikia mpunga. Muuzaji alisema ni chotara wa Simmental, na hakudanganya: mama zebu wa hapa hapa, baba Simmental wa mrija wa mbegu. "Huyu akipanda majike yako," akasema, "unavuna ndama wa namna hii hii." Shemeji akalipa pesa ambayo ingenunua mitamba watatu wa kienyeji na bado ikabaki ya kamba.

Miaka mitatu baadaye nilisimama tena kwenye zizi lile. Ndama wa dume yule walikuwa wa kila namna. Wawili watatu walikuwa wakubwa kweli. Wengi walikuwa zebu wa kawaida, utadhani mtu kawapaka chokaa usoni. Wachache walikuwa wameshakufa kwa ndigana. Na dume mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa Oktoba, mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani.

Shemeji anasema alipigwa. Mimi nasema hakupigwa. Alilipia mwili wa dume, na ndama harithi mwili.

Chotara wa uzao wa kwanza, yaani mtoto wa aina mbili zilizo mbalimbali kama zebu na Simmental, huwa mkubwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni damu ya baba yake, ambayo anayo nusu. Ya pili ndiyo inayotupiga chenga: nguvu ya chotara, ule uchangamfu wa kukua, kuzaa na kuhimili shida ambao mnyama huupata kwa sababu wazazi wake hawafanani. Nguvu hiyo haimo ndani ya mbegu. Hutokana na mbegu mbili kukutana, kama chai ya maziwa: ukimpa mgeni majani ya chai peke yake hujampa chai. Dume huyo akipanda zebu, ndama hupata kwa wastani robo tu ya damu ya Simmental, na ile nguvu ya chotara hushuka hadi nusu ya aliyokuwa nayo baba. Tena huo ni wastani. Dume chotara hugawa mbegu kama karata zilizochanganywa. Ndama huyu anaokota za Simmental nyingi, mwenzake anaangukia za zebu tupu. Dume wa aina safi, hata akiwa mdogo kuliko chotara, hugawa karata zinazofanana, na ndama wake hutoka wanaelekeana.

Sasa tuweke shilingi mezani. Bei nitakazotumia ni za mfano, maana mnada una bei yake kila wiki, na ya Mhunze si lazima iwe ya Tinde wala ya Pugu. Futa tarakimu zangu uweke zako. Njia ya hesabu ndiyo ninayokuuzia.

Tuseme una majike 25, mzigo unaomfaa dume mmoja aliyekomaa. Tuseme katika kila 100 wanazaa 60 kwa mwaka, basi unapata ndama 15. Dume nampa miaka mitatu tu, kwa sababu baada ya hapo binti zake wa kwanza wanaanza kuhitaji dume na yeye hatajua kama ni watoto wake. Kwa hiyo ndama 45. Gharama ya dume si bei uliyomnunulia. Ni bei ya kununua, toa utakayomuuzia, jumlisha matunzo ya miaka mitatu, kisha gawa kwa ndama hao 45.

Dume zebu mzuri aliyechaguliwa: umenunua kwa 900,000, ukamuuza kwa hiyo hiyo kwa sababu alikuja kijana na ameongezeka. Matunzo, tuseme 120,000 kwa mwaka. Kila ndama amekugharimu shilingi 8,000.

Chotara wa Simmental: umenunua kwa milioni 2.2, umemuuza kwa milioni 1.5. Matunzo 450,000 kwa mwaka, maana huyu hakosi josho, hakosi pumba wakati wa kiangazi, na daktari anamfahamu kwa jina. Kila ndama, karibu 45,600.

Boran kutoka ranchi: umenunua kwa milioni 3, umemuuza kwa milioni 1.5, matunzo 300,000 kwa mwaka. Kila ndama, karibu 53,300.

Ukisimama hapo utasema zebu ameshinda kwa mbali. Lakini ndama hauzwi siku anayozaliwa. Chukua kilo moja ya ng'ombe hai kuwa shilingi 4,000. Ndama wa Boran anatakiwa amzidi mtoto wa zebu kilo 11 na ushee tu siku ya kuuzwa ili dume awe amejilipa. Dume Boran aliyekomaa, kwenye malisho ya ranchi, hupita kilo 500. Dume zebu wetu wa Usukumani mara nyingi huishia kati ya 250 na 350. Kilo 11 kwa mtoto wa wazazi hao, kwa miaka mitatu, ni kazi ndogo. Mtoto wa chotara anadaiwa kilo tisa na nusu, na hizo nazo anaziweza. Hadi hapo wanaonekana sawasawa.

Vifo ndivyo vinavyovuruga. Tuseme kwa ajili ya damu ile ya Ulaya wanakufa ndama watatu zaidi kati ya 45, kila mmoja wa thamani ya 400,000. Sasa wale 42 waliobaki kila mmoja anadaiwa kilo 17. Wakifa sita, hesabu ya dume chotara imekufa nao. Hiyo ndiyo tarakimu ambayo hakuna muuzaji anayekutajia.

Na huku kwetu vifo vina majina: ndigana kali, ndigana baridi, mkojo damu, maji moyo, yote mizigo ya kupe. Zebu wa hapa wameishi na kupe vizazi kwa vizazi; ndama huambukizwa mapema, wengi wao hupona, wakatembea na kinga. Ndama mwenye damu ya Simmental hana urithi huo kwa ukamilifu. Anayepeleka ng'ombe magharibi kufuata majani, kuelekea Bukombe na pori la Kigosi, aongeze mbung'o kwenye hesabu. Nchi hii ya Shinyanga ilifyekwa vichaka kwa ajili ya mbung'o tangu miaka ya 1920, enzi za Mwingereza Swynnerton na utafiti wake; ukivuka kwenda magharibi unarudi kwenye miti, na chotara wako ndiye wa kwanza kukonda.

Nisiwapendelee Boran kupita kiasi. Asili yao ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, watu wa nchi kavu, na wakulima wa Kenya waliwachagua kwa ajili ya nyama hadi wakaanzisha chama cha wafugaji wao mwaka 1951. Jua wanalijua, kutembea wanajua, nundu wanayo. Lakini Boran aliyekulia kwenye ranchi inayoogesha kila wiki anaweza kufika Tinde akiwa hajawahi kuonja kupe wetu. Mwezi wa pili akafa, na cheti chake cha ubora kikabaki ukutani. Swali la kwanza kwa anayekuuzia si uzito wake. Ni hili: amechanjwa ndigana kali? Amekulia wapi? Ng'ombe wa eneo hilo wanaogeshwa mara ngapi?

Mashamba ya kuanzia yapo. NARCO, kampuni ya ranchi ya taifa, ina ranchi zake, ile ya Kongwa imekaa kwenye ardhi iliyobaki baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kufa kati ya 1947 na 1951, na nyingine ziko Kagera, kama Missenyi. TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, ina kituo Mabuki, Misungwi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Tinde, na Mabuki pia kuna shamba la Serikali la mitamba. Nenda mwenyewe. Dume anayeelezewa kwenye simu huwa hana kasoro.

Yupo pia chotara ambaye simgombezi: Mpwapwa. Huyu alitengenezwa Mpwapwa, Dodoma, kwa miongo kadhaa, kwa kuchanganya Red Sindhi na Sahiwal wa Bara Hindi na zebu wetu, wakaongeza Boran na kidogo cha Ayrshire, kisha wakawa wanapandishana wenyewe kwa wenyewe hadi damu ikatulia. Chotara aliyetulia hagawi karata ovyo. Anafaa kwa mtu anayetaka maziwa ya watoto na nyama kwa pamoja. Kwa anayelenga mnada wa nyama tu bado ningeenda kwa Boran, ila kama jirani ana Mpwapwa mzuri na hana Boran, sitakesha nikilia.

Maksai nao wana neno. Usukumani dume asiyeuzwa huvuta jembe, na nira yetu hukaa mbele ya nundu. Chotara wa Simmental nundu yake huwa kama imesahauliwa. Nira inateleza, ngozi inachubuka, jembe linalala. Boran hana shida hiyo. Mtu wa mjini anaweza kuona ni jambo dogo. Mwulize anayelima pamba ekari nane.

Nirudi kwenye ile Oktoba, kwa sababu ndiyo inayoamua kuliko yote. Ng'ombe hula chakula kikavu karibu kilo mbili na nusu kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku. Mnyama wa kilo 450 anataka kama kilo 11. Zebu wa kilo 300 anaridhika na saba na nusu. Mwezi wa Aprili tofauti hiyo huioni. Mwezi wa kumi, mbuga zimepasuka, mabua ya mahindi yamekwisha, kila kilo ya nyasi kavu ni mali. Hapo aliye na ngitili na asiye nayo hawasomi ushauri mmoja. Ngitili, kwa msomaji wa mbali, ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza ili yaliwe kiangazi. Desturi ya Wasukuma iliyokuwa imefifia, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ukaifufua kuanzia 1986 baada ya mkoa huu kuitwa jangwa. Mwenye ngitili ya ekari kadhaa na mashudu ya pamba anaweza kubeba Boran na hata watoto chotara. Asiyekuwa nayo anunue dume zebu mkubwa kutoka kundi la mbali, asiye ndugu wa majike yake, na pesa inayobaki aiweke kwenye josho. Nalisema bila aibu, ingawa wataalamu wengi hawapendi kulisikia.

Na kwa kuwa nimetaja mashudu ya pamba: hayo ni baraka ya mkoa huu, lakini kwa dume la mbegu yapimwe. Pamba ina sumu iitwayo gosipoli, na ikizidi hudhuru mbegu za dume. Mnenepeshe maksai wa kuuza kwa mashudu utakavyo. Dume mpe kidogo, umchanganyie pumba.

Uhamilishaji? Mirija ya mbegu hutoka Kituo cha Taifa cha Uhamilishaji, Usa River, na kwenye karatasi inavutia: unapata Boran bora bila kulisha Boran. Shida iko kwenye jike, haiko kwenye mrija. Jike zebu joto lake ni fupi, mara nyingi huja usiku, na ng'ombe wetu huchungwa na kijana anayewaza mambo yake. Mtaalamu anafika jioni na mtungi wake wa naitrojeni, joto limeshapita. Tuseme kila safari ni 40,000, na wanaoshika mimba ni 40 katika 100: kila mimba imekula 100,000. Kwa kundi zima ni ghali kuliko dume yeyote niliyemtaja. Lakini kwa majike watatu bora, wale unaowafahamu tabia, ni njia nzuri ya kujizalishia dume. Ndama dume atakayezaliwa atakuwa nusu Boran nusu zebu, chotara pia, naam. Ila huyu hukumlipia mamilioni, na kupe wa Tinde amewajua tangu akiwa ananyonya. Kama lazima umpandishe chotara, mpandishe huyo.

Usipeleke mrija wa Simmental au Charolais kwa mtamba zebu anayezaa mara ya kwanza. Jike wa kilo 220 kumsukuma ndama mkubwa usiku, daktari yuko Shinyanga mjini: hiyo sihitaji kuifanyia hesabu.

Njia inayonivutia zaidi kifedha ni ya ubia. Jamaa watatu wenye majike kama wanane kila mmoja wanachangia Boran mmoja. Milioni 3 inakuwa milioni moja moja, na mzigo wa majike haujapita 25. Kasoro yake ni magonjwa. Dume anayezunguka huzungusha pia ugonjwa wa kutupa mimba na yale ya kupandana, na ukishaingia kundini hauondoki kwa dawa ya dukani. Kwa hiyo dume na majike wote wapimwe damu kwanza, maabara ya TVLA, wakala wa maabara za mifugo, ipo Mwanza na Tabora, na aliye na jike lililotupa mimba aseme. Dume akae kwa mtu mmoja mwenye josho karibu, majike ndio waletwe kwake. Andikianeni: akifa nani analipa, akiuzwa mnagawana vipi. Udugu haujawahi kuzuia kesi ya ng'ombe.

Siku ya kuchagua, acha macho yasitangulie mgongoni. Anzia chini. Miguu na kwato, kwa sababu dume anayechechemea hapandi. Kisha korodani: mbili, zinazolingana, ngumu kiasi, hazina uvimbe. Mimi hubeba futi ya fundi cherehani. Dume wa miaka miwili na kuendelea nataka mzunguko usiopungua sentimeta 30, na muuzaji akicheka namwacha acheke. Tazama govi linaloning'inia. Zebu na Boran wengi wana govi refu, na huku kwenye miiba ya migunga govi linalogusa nyasi litachanika, na dume mwenye kidonda hapo ni maksai wa gharama. Fungua mdomo uone meno. Mawili makubwa ya mbele yameshaota, basi yuko karibu miaka miwili au zaidi kidogo. Mwisho mwachie jike lenye joto, kama mwenyewe anakubali, uone kama anajua kazi. Akifika kwako, na kibali cha kusafirisha kikiwa mkononi, mtenge wiki tatu kabla ya kuchanganyika na wenzake.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi, hesabu madume uliyo nayo. Wengi wetu huchelewa kuhasi ili maksai wa jembe ajenge shingo kwanza, na katika miaka hiyo miwili ya kujenga shingo huwa ameshapanda nusu ya majike. Unamleta Boran wa milioni 3, na vijana watano wa zizi hilo hilo wamemtangulia. Zizi la shemeji lilikuwa na wanne. Sehemu ya wale ndama waliofanana na zebu, nina wasiwasi hata hawakuwa wa chotara yule. Mwite ofisa mifugo wa kata na koleo lake la burdizo, wahasiwe wote katika asubuhi moja, na wa majirani mnaochunga pamoja nao pia. Gharama ya siku hiyo haifiki hata ya kwato moja ya dume jipya.

Shemeji sasa ana fungu katika Boran wa ubia. Yule chotara alimngoja hadi mvua zikamrudishia nyama, akampeleka mnadani Januari. Mchinjaji wa Kahama alimzunguka mara moja, akamshika mgongo, akalipa bila kubishana. Siku ile hakuuzwa ng'ombe mwingine kwa bei kubwa kama yake.